Maneno Niliyoandika Kwenye Boksi

Guangzhou, Jumamosi alasiri

Zaituni mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana hali yako naijua. Umetoka hapa saa nane na viatu vyako vipya, umekwenda Xiaobei kuagana na wenzako wa chuo, na mama yako amekufuata hadi kwenye lifti akikukumbusha jambo la nane au la tisa. Mambo ya sweta, ya dawa ya malaria, ya kupiga simu ukifika Dar na tena ukifika Tabora, hayo ameyasema yeye na sina la kuongeza. Kesho asubuhi atayasema upya uwanjani, nami nitasimama pembeni nimeshika toroli la mizigo, nikikohoa tu. Ndiyo maana naandika sasa. Nina jambo moja la kukuambia, na kwa miaka tisa mdomo wangu umelishindwa.

Unakumbuka mwezi uliopita ulivyonijia na simu yako, umefungua picha za darubini za bunduki. Ukasema, "Baba, wewe ndiye mtu wa soko. Nichagulie moja nzuri niende nayo." Nikajibu tutaona. Wiki iliyofuata ukarudia, nikasema nina mzigo wa kupeleka bandarini Huangpu. Mara ya tatu ukacheka: "Sema tu, Baba. Unaogopa mtoto wa kike atakupita shabaha." Mama yako akadakia kwamba ni wivu huo, kwa kuwa mimi niliuacha msitu nikaja kuuza viatu, na sasa binti yangu ndiye anakwenda kusomea uwindaji bingwa. Nikacheka pamoja nanyi. Haukuwa wivu, mwanangu. Mtu wa mwisho niliyemchagulia darubini ya bunduki ni Baba Mkubwa wako Hamisi, huyo huyo unayekwenda kukaa kwake huko Tabora.

Habari ya mguu wake unaijua kama kila mtu anavyoijua: kwamba pongo alimchoma pembe kwa sababu alimpiga vibaya, na alimpiga vibaya kwa sababu uzee ulimwingia na mkono ukatetemeka. Sehemu ya pembe ni kweli. Sehemu ya mkono ni uongo, na uongo huo niliuacha ukakua mimi, baba yako.

Nianze na yeye. Hamisi amenizidi miaka kumi na mmoja. Babu yako alipofariki, yeye ndiye aliyenilea, akarithi na ile bunduki nzito ya baba yetu pamoja na karatasi zake zote. Hakuwa jangili hata siku moja. Msimu ukifunguliwa alikwenda kuomba kibali chake mapema, akaingia msituni kwa siku zilizoandikwa na kutoka na mnyama aliyeandikwa. Alilenga kwa macho matupu, kwa vile vyuma viwili vya mtutuni, na mnyama akiwa mbali zaidi ya hatua themanini hakumpiga, hata kama sisi tuliokuwa nyuma yake tulikuwa tunameza mate. "Akikaa mbali, ana haki ya kuondoka," alikuwa akisema. Na alikuwa na sheria nyingine aliyonifundisha kabla hajaniruhusu kushika bunduki: mnyama uliyemjeruhi humwachi. Utamfuata hadi ummalize, hata akikuingiza kwenye kichaka cha namna gani. Ishike sheria hiyo akilini, maana ndiyo iliyompeleka mahali nilipomtega.

Siku moja akanipigia simu huku. Nilikuwa na miaka minne Guangzhou, nimeanza kujiona mtu. Akasema, "Rajabu, macho yananitoroka. Kile chuma cha mbele naona viwili. Huko kwenu kila kitu kipo, hebu nitafutie darubini ya kufunga juu ya bunduki." Kaka yangu hakuwa mtu wa kuomba. Katika maisha yake hilo ndilo jambo la kwanza kuniomba, na nadhani ndilo la mwisho.

Nikaenda kwenye lile jengo la maduka karibu na stesheni ya Liuhua, ghorofa ya nne, kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza tochi, visu na darubini. Tulimwita Laoban, kama tunavyomwita kila mwenye duka hapa. Alikuwa amezoeana na Waswahili hadi akaokota Kiswahili cha kutosha kubishana nasi. Akanipangia darubini mezani, nami nikazijaribu kama sisi wafanyabiashara wote tunavyojaribu: unaiinua, unaielekeza dirishani, unasoma bango la ng'ambo ya barabara. Moja ikanikamata moyo. Kioo chake cha mbele kilikuwa kipana kama kikombe cha chai, inakuza mara ishirini na nne, ukibonyeza kitufe, msalaba wa kulengea ulio ndani unawaka mwekundu, ukibonyeza tena unawaka kijani. Kwenye bango la duka la viatu niliona mpaka tundu za kamba.

Nikamwambia, "Laoban, hii. Nampelekea kaka yangu Afrika, ya bunduki ya kuwindia."

Akauliza, "Bunduki kweli?"

"Kweli. Tena kubwa."

Akainyakua mkononi mwangu. "Bu xing, pengyou. Haifai, rafiki. Hii ya toi, ya kucheza. Bunduki kubwa piga moja, piga mbili, piga tano, ndani yote legea. Wewe angalia hapa, risasi kwenda kule."

Nikamuuliza kama ipo iliyo imara. Akanionyesha picha: kitu cheusi, chembamba, kisicho na taa wala mapambo, cha kuagiza kiwandani na kusubiri siku kumi na tano. Mzigo wangu ulikuwa uingie kwenye konteina jioni ile ile, na konteina nyingine ingefika msimu umekwisha kufungwa. Hicho ndicho kisingizio nilichojipa, na kwa muda mrefu nilikiamini. Leo nakuambia ukweli wenyewe. Niliitazama ile nyeusi nikaona inafanana na pampu ya baiskeli. Nilitaka boksi lifunguliwe mbele ya watu pale nyumbani, watu waguse, wabonyeze taa, waseme Rajabu kweli amefika China. Kaka yangu aliomba macho, mimi nikampelekea sifa zangu.

Sasa boksi lenyewe lilikuwa na picha ya watoto wameshika bunduki za plastiki. Nikamwomba Laoban anibadilishie. Katika soko lile jambo hilo halimshangazi mtu, wewe mwenyewe umeona: ukitaka jina lako kwenye kiatu wanaandika, ukitaka kiatu kiitwe cha Ulaya wanaandika. Akanisogezea kikaratasi na kalamu. "Andika nini?" Nikaandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, maneno yenye maana hii: KWA BUNDUKI NZITO ZA KUWINDIA. HAITIKISIKI. Akasoma taratibu, akanitazama, akasema, "Wewe bosi. Wewe jua." Kisha akaenda kuyachapisha.

Mwezi na nusu baadaye Hamisi akapiga. Nilisikia watu wengi nyuma yake, kama nilivyotaka. "Mdogo wangu, kitu kinang'aa utadhani bwana harusi! Lakini nikuulize wewe uliyekinunua. Teke la bunduki ya baba unalijua. Kitahimili?"

Nikamjibu, "Kaka, si imeandikwa kwenye boksi?"

"Imeandikwa. Wamenisomea."

"Basi."

Neno hilo "basi" nimelisikia masikioni mwangu kila siku tangu hapo, Zaituni. Nikipanga mzigo nalisikia, nikiswali nalisikia.

Akaifunga juu ya bunduki, akapiga karatasi ya shabaha mara tatu, risasi zote tatu zikakaa pamoja. Akafurahi. Akabebwa kwa pikipiki nusu siku kwenye njia ya mashimo, na asubuhi yake akamkuta pongo dume ukingoni mwa mto, hatua sitini, amesimama ubavu. Wewe hujamwona pongo bado. Wengine humwita mbawala. Ni mzuri, ana madoa meupe ubavuni, si mkubwa, na ukimtazama akila majani huwezi kuamini kwamba huyo akijeruhiwa hakimbii mbali. Huingia kichakani, hukusubiri, kisha hukujia na pembe. Hamisi aliweka msalaba nyuma ya bega. Risasi ikaenda tumboni. Akafuata damu kichakani, kama sheria yake ilivyotaka. Pembe iliingia pajani na kukata mishipa, na mguu ule haujarudi kuwa mguu mpaka leo.

Alinisimulia mwenyewe kwa simu, akiwa kitandani hospitalini. Alisema, "Nililenga nyuma ya bega, Rajabu. Msalaba niliuona palepale. Sijui nini kilitokea. Nadhani mkono umezeeka."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, aliufungua yeye mwenyewe. Na mimi nikamwambia, "Pole kaka. Uzee hauna dawa."

Nimeandika sentensi hiyo na kalamu nimeiweka chini mara mbili. Darubini ya kuchezea ningeweza kuiita ujinga. Maneno ya boksi ningeyaita majivuno ya kijana. Lakini "uzee hauna dawa" sina jina la kuipa zaidi ya hofu yangu, nilihofia asije akanichukia, nikaona afadhali ajichukie mwenyewe. Tangu siku ile hajapiga risasi hata moja. Kibali cha bunduki anakilipia kila mwaka, lakini haitoki kabatini. Na boksi lile, utaliona, liko juu ya kabati hilo hilo. Analitunza kwa sababu ni zawadi ya mdogo wake. Anawekea humo karatasi zake za kliniki.

Wiki mbili zilizopita uliongea naye kwa simu, sauti ikiwa juu, sote tukisikia. Akakuambia, "Njoo mwanangu, nyayo nitakufundisha, upepo nitakufundisha, kukaa kimya nitakufundisha. Kupiga tafuta mwalimu mwingine. Mkono wangu hauaminiki." Machozi yakakulenga. Mimi nikatoka nje barazani nikajidai naanua nguo, ilhali nguo zilikuwa mbichi na mama yako aliona. Nilijua wakati ule kwamba nikikuacha uende hivi hivi, kaka yangu atakufundisha woga, nao woga huo nilimpa mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimekwishamwona mwanangu akienda kuuguzwa kwa maradhi yangu.

Basi darubini yako nimeichagua. Iko katikati ya begi la kijani, nimeifunga kwa ile kanga kuukuu ya mama yako, na karatasi za kuonyesha forodhani ziko pamoja nayo. Utacheka ukiiona. Ni ile ile pampu ya baiskeli: nyeusi, nyembamba, haina taa, inakuza kuanzia mara tatu hadi tisa. Usidharau tatu. Kijana akishika darubini hukimbilia namba kubwa, na namba kubwa humwonyesha unyoya mmoja wa mnyama na kumficha mnyama mzima, tena kwenye kichaka atazungusha bunduki akitafuta huku pongo ameshafika magotini pake. Iache kwenye tatu unapotembea. Ukiwa na muda wa kuongeza, utaongeza.

Jicho lako liweke mbali nayo, kiasi cha upana wa kiganja. Hapa nikuombe radhi nyingine, ndogo. Kovu hili la nusu mwezi juu ya nyusi yangu nilikuambia ni la baiskeli. Sikuwa hata na baiskeli. Nilikuwa kijana, mgeni mmoja wa kuwinda akaniachia nijaribu bunduki yake, nikabandika jicho kwenye darubini kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, ikapiga teke na kunichana. Hamisi alicheka mpaka akakaa chini. Ukitaka kumsikia akicheka, mkumbushe hiyo.

Usiitumie kutazamia vitu. Kuna darubini ya shingoni kwa kazi hiyo. Ukiinua hii ya bunduki kutambua kitu gani kimesogea kule, na kitu hicho kikawa mtu anayerina asali, umeshamwelekezea mtutu binadamu. Na kila ukitoka kwenye njia mbaya, kabla hujawinda, piga tena karatasi. Kioo hakikuambii kama kimehama. Kitaendelea kukuonyesha msalaba palepale, kisafi, kimetulia, na kinakudanganya.

Boksi lake nimelitupa. Ningependa kukuambia hii ni imara, lakini hapa raia hana bunduki, sina namna ya kuijaribu, na nilikwisha kumwambia mtu mmoja kwamba kitu ni imara. Usiiamini kwa sababu nimekupa mimi. Ifunge, piga nayo risasi ishirini, ndipo uiamini au uitupe.

Nilikuwa nimepanga kumalizia barua hii kwa ombi. Nilitaka nikuombe umsomee Baba Mkubwa wako ukurasa huu na ule wa kabla yake, pole pole, siku utakayoona moyo wake umetulia. Nimeyasoma niliyoandika, nikaona aibu. Nilimpa kaka yangu aubebe uongo wangu, sasa namkabidhi mwanangu aubebe ukweli wangu. Nimeacha kalamu nikampigia. Huku ni saa kumi na moja jioni, kwake adhuhuri.

Nikamwamkia: "Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mtoto ameshapaa?"

"Kesho. Kaka, lile boksi la darubini lipo?"

"Lipo hapa juu ya kabati. Unalitakia nini?"

"Maneno yaliyoandikwa pale niliyaandika mimi."

Nikamweleza yote, kama nilivyokuandikia wewe: Laoban alivyonikataza, konteina, taa, kikaratasi. Nilipomaliza nikasikia redio yake ikisoma habari, kisha akaizima.

Akasema, "Rudia pale kwenye kulegea."

Nikarudia. Risasi chache tu za bunduki nzito na vya ndani vinalegea, unaona msalaba hapa, risasi inakwenda kule.

"Kwa hiyo siku ile nililenga sawasawa."

"Ulilenga sawasawa, kaka."

Halafu akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Miaka tisa, Rajabu. Miaka tisa nikipewa chai mbele za watu naacha ipoe, nisiinue kikombe wakaona natetemeka." Nikaanza kuomba msamaha, akanizuia. "Mlete mtoto," akasema, na akakata. Nimepiga tena mara nne. Hapokei.

Hivyo sijui unakwenda kumkuta katika hali gani, na sitakudanganya kwamba najua. Nimekuchafulia safari yako, nisamehe na hilo pia. Akikataa kulitaja jina langu, na wewe usilitaje. Usinitetee. Msalimie, kula chakula chake, msikilize.

Ila nina hili moja. Mtakapokwenda kuilinganisha darubini yako kwenye uwanja wa shabaha wa chuo chenu cha uwindaji, mwombe afuatane nawe na bunduki ya baba yetu. Ifunge darubini juu yake. Mwekee kiti, mwekee mfuko wa mchanga mezani wa kuegemeza mtutu, tundika karatasi hatua hamsini. Kisha usianze wewe. Mwachie yeye, ukae upande wa ule mguu wake mbovu, na usimshike mkono hata ukiona unatetemeka.

Usiniandikie kama amenisamehe au hajanisamehe. Nitumie picha ya karatasi tu, nione risasi zake zimepita wapi.

Baba yako,
Rajabu